Furaha Haikuwekewa Kafyu

Maradhi na Maisha Milimani: Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza namna virusi vya korona vinavyosafiri kutoka pumzi ya mtu hadi pumzi ya mwenzake, kisha tukaona hofu ilivyopanda mlima kutoka Voi na Mwatate hadi Wundanyi kabla ugonjwa wenyewe haujafika. Leo tunauliza swali ambalo vitabu vya tiba hulipitia mbio: katika miezi ile, watu walifurahia nini?

Najua swali hili laweza kumkera aliyefiwa, au aliyepoteza kazi ya hoteli Diani akarudi kijijini na begi moja. Halikusudii kupunguza uzito wa yaliyotokea. Linahusu jambo ambalo kila aliyeishi Wundanyi mwaka 2020 alilishuhudia, ingawa wachache walilisema kwa sauti: vicheko havikukoma, na vilitoka mahali ambapo hatukuwa na desturi ya kuvitafuta.

Tukumbushane kwanza ratiba ya hofu. Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na jioni hiyohiyo ya kwanza abiria wa feri kule Likoni walitandikwa virungu na kurushiwa gesi ya kutoa machozi. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, na Aprili 8 zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale. Treni ya SGR, ambayo husimama Voi, ikaacha kubeba abiria. Mei 16, Rais Uhuru Kenyatta akafunga mpaka wa Tanzania, yakabaki kupita malori ya mizigo tu, tena baada ya madereva kupimwa. Soko la Taveta, lililozoea wachuuzi wa Holili, ng'ambo ya mpaka, likapooza.

Taita Taveta yenyewe haikufungwa, ila ilibanwa. Upande mmoja ilikuwa na Kilifi na Kwale zilizofungwa, na upande wa pili Tanzania iliyofungwa. Barabara ya Mombasa ilikuwa wazi kwa mizigo, lakini hoteli za Pwani zilizokuwa zikila mboga za milima yetu zilikuwa zimezima majiko. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, nauli nayo ikapanda. Kutovaa barakoa hadharani kungeweza kukutoza faini ya hadi shilingi 20,000, pesa ambazo kibarua wa shamba la mkonge hazishiki kwa mwezi mmoja akabaki nazo.

Sasa angalia kilichopigwa marufuku. Ibada, harusi kubwa, mechi, vilabu, ngoma, mikutano, matanga ya kukesha. Karibu vyote ni vyombo vya furaha kubwa. Si kwamba kuna mtu aliyeketi Wizara ya Afya akapanga kutunyima raha. Virusi hivi vinapenda yaleyale tunayoyapenda: kukaa karibu, ndani ya nyumba, kwa muda mrefu, kwa sauti ya juu. Kwaya ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Machi 10, 2020, wanakwaya 61 wa Skagit katika jimbo la Washington, Marekani, walikutana kwa mazoezi ya kawaida ya jioni. Zaidi ya 50 kati yao waliugua na wawili wakafa. Mwimbaji hutoa pumzi kwa nguvu, matone madogo huelea hewani, na jirani yake huvuta pumzi kwa kina kile kile anachohitaji ili ashike sauti yake. Kwa hiyo wimbo wenyewe, pamoja na upendo wote uliomo, ukawa njia ya maambukizi.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Furaha ndogo zilizobaki hazikuwa makombo ya furaha kubwa. Zilibaki kwa sababu umbo lake halikuvifaa virusi. Ni za watu wawili watatu, hufanyika uani au kwenye kilima, ni fupi, na nyingi hazihitaji mtu kupaza sauti puani mwa mwenzake. Janga lilipotunyang'anya zile zenye shangwe likatusukuma, bila kukusudia, kuelekea hizi.

Nilipita nyumba moja kwenye njia ya kupanda Wesu, wiki chache baada ya Mombasa kufungwa. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa ameponyoka mjini siku za mwisho mwisho, na wazee wa kijiji wakasema sharti akae peke yake siku 14. Akapewa chumba cha nje, kile cha kuwekea mahindi. Katikati ya ua palikuwa na jiwe bapa. Mama alitoka jikoni na sahani ya kimanga, ndizi mbichi na maharagwe yaliyopondwa kwa mwiko hadi yakashikana, mvuke ukipanda. Akaiweka juu ya jiwe, akarudi hadi mlangoni pa jikoni, ndipo kijana akasogea kuichukua. Wakala pamoja, kila mmoja mwisho wake wa ua.

"Mama, leo chumvi imezidi," kijana akapaza sauti.

"Kama unaisikia chumvi, baba, basi huna korona. Kula!"

Walicheka mpaka jirani wa upande wa pili wa bonde akauliza kuna nini. Utani ule ulikuwa na elimu ndani yake, kwani kupoteza ladha na harufu ni miongoni mwa dalili za ugonjwa huu, na redio ilikuwa imeshalisema hilo. Ulikuwa pia na hofu ndani yake. Mama alikuwa anapima. Kila siku alimpikia mwanawe kitu chenye harufu kali ili aone kama ataisikia, na kila jibu zuri lilikuwa sababu ya kucheka tena.

Watu wengi hudhani hofu na furaha ni zamu mbili, moja haiingii kazini mpaka nyingine itoke. Wataalamu nao walidhani hivyo kwa muda mrefu. Mmoja wa walioliondoa wazo hilo ni Susan Folkman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kuwa na nguvu zilizo nazo leo, yeye na wenzake waliwafuatilia wanaume waliokuwa wakiwauguza wapenzi wao waliokuwa wakifa kwa UKIMWI. Dodoso lao lilijaa maswali ya dhiki. Utafiti ulipoanza tu, baadhi ya wauguzi hao wakalalamika: mnatuuliza mabaya peke yake, mbona hamtuulizi mema? Watafiti wakaongeza swali hilo. Karibu kila mahojiano yakawa na jibu. Na majibu hayakuwa makubwa: chakula kilichopikwa kikaliwa, maua yaliyoonekana njiani, neno la shukrani, rafiki aliyepita. Watu hao walikuwa na huzuni nzito kwa vipimo vyote, na papo hapo walikuwa na mema ya kusimulia.

Sisi hatukuhitaji kwenda San Francisco kulijua hilo. Rais Moi alipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, kulikuwa tayari na mama na nyanya wengi nchini waliokuwa wakiuguza watoto wao nyumbani, na yeyote aliyekaa nao jikoni atakwambia kwamba kulikuwa na siku za kucheka. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuja na dodoso.

Kwa nini jambo dogo namna hii likawa na uzito? Tuanze na mwili. Ndovu akiingia shambani usiku kule Mwatate, moyo hukimbia, damu huenda kwenye misuli, tumbo husimamisha kazi zake. Ni hofu ya saa moja au mbili. Ndovu akiondoka, mwili hurudi. Korona haikuwa ndovu. Haikuonekana, haikuondoka, na kila alasiri ilitangazwa upya kwa idadi: waliopimwa, walioambukizwa, waliofariki. Mwili haukuumbwa kukaa mbioni kwa miezi. Anayekaa hivyo hulala vibaya, hugombana na watoto, husahau alichotumwa dukani.

Barbara Fredrickson, ambaye nadharia yake kuhusu kazi ya hisia njema ilianza kuchapishwa mwaka 1998, alijaribu jambo hili maabarani pamoja na mwenzake Robert Levenson. Waliwatisha watu kwa filamu, kisha wakawagawa: wengine wakaonyeshwa picha za kuchekesha, wengine za kutuliza, wengine za huzuni, wengine zisizo na hisia yoyote. Mioyo ya waliocheka au kutulia ilirudi kwenye mapigo yake ya kawaida mapema kuliko ya wengine. Kicheko hakikumfukuza aliyetisha. Kiliuambia mwili kwamba unaweza kupumzika kidogo.

Halafu kuna akili. Hofu huifanya akili iwe kama tochi inayomulika sehemu moja tu ya giza, na chote kilicho pembeni hakionekani, hata kama ni mlango. Hisia njema, kwa hoja ya Fredrickson, hupanua mwanga huo. Mtu huanza kuona watu, njia na vifaa alivyokuwa navyo tangu mwanzo. Alipowachunguza wanafunzi wa chuo baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, aliona kwamba walioinuka vizuri zaidi hawakuwa wale wasiohuzunika. Walihuzunika na kukasirika kama wengine, ila katikati ya hayo walihisi pia shukrani, udadisi na upendo.

Udadisi huo ndio uliowaokoa watoto wa Wundanyi, nadhani, kuliko masomo ya redioni. KBC ilirusha vipindi vya masomo kwa bidii, lakini mtoto wa darasa la nne hawezi kukodolea redio macho asubuhi nzima. Kilichowavuta ni kibuyu chirizi. Kila duka, kila ofisi, kila lango lilitakiwa kuwa na mahali pa kunawa mikono, na mifereji ilikuwa michache. Basi watoto wakatwaa jerikeni za lita 5, wakatoboa tundu kwa msumari wa moto, wakafunga kamba na kijiti cha kukanyaga, wakaning'iniza sabuni ndani ya wavu wa vitunguu. Ukikanyaga, jerikeni inainama, maji yanachirizika bila kugusa chochote. Kisha yakaanza mashindano. Huyu anaweka kokoto chini pasiwe na matope, yule anabuni kijiti cha pili cha kuinamisha chupa ya sabuni ya maji. Nimewaona watoto wakinawa mikono mara nyingi kuliko agizo lolote la Wizara, kwa sababu tu kanyagio ni lao.

Hawakuwa peke yao. Kule Bungoma, mvulana wa miaka 9, Stephen Wamukota, aliunda mashine ya mbao ya kunawia mikono inayoendeshwa kwa miguu, na Juni 1, 2020 akatunukiwa Nishani ya Rais ya Uzalendo. Picha yake akiwa na mashine ile ilizunguka nchi nzima. Sikumbuki habari nyingine ya miezi hiyo iliyopokewa kwa tabasamu na watu wa vyama vyote.

Watu wazima walikuwa na yao. Kafyu ilipozima matatu na pikipiki, usiku ulirudi kuwa usiku. Ilikuwa masika, mvua ikinyesha juu ya mabati, na baada ya mvua vyura wa bondeni wakaanza. Jumapili za makanisa yaliyofungwa, familia zilitembea. Wapo waliozaliwa hapa ambao waliingia msitu wa Ngangao kwa mara ya kwanza mwaka huo, hekta 120 hivi za miti mirefu zilizosalia juu ya kilima, na wakaelezwa na watoto wao kwamba ndani yake mnaishi ndege mwenye mdomo wa rangi ya machungwa na kichwa cheusi, aparuaye majani makavu chini ya miti, asiyepatikana popote duniani ila katika misitu michache ya milima ya Taita. Wageni hulipa nauli ya ndege kuja kumwona. Sisi tulihitaji kafyu.

Fred Bryant, aliyetumia miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, kuchunguza jinsi watu wanavyoonja jema linapowajia, husisitiza mambo mawili: kulipa jema nafasi machoni na akilini, na kumsimulia mtu. La pili si gumu kwetu. Nyumba za Taita zimepangwa juu ya matuta, na sauti huvuka bonde bila simu. Waitalia walipoimba kwenye roshani zao Machi 2020, dunia ilistaajabu. Huku, mtu kusimama ukingoni mwa shamba akamwuliza jirani wa ng'ambo kama ng'ombe amezaa ni mazungumzo ya kila siku, na umbali unaotakiwa umezidi mita moja na nusu mara nyingi sana.

Janga si geni katika njia ya kutoka Mombasa hadi huku. Septemba 1918 homa ya mafua iliingia Mombasa na kupanda bara kwa reli, ambayo ilipita Voi. Fredrick Andayi na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walipekua kumbukumbu za serikali ya kikoloni wakakadiria kwamba katika Pwani ya Kenya ugonjwa ule uliua watu wapatao 25 katika kila 1,000. Ni idadi ya kutisha, na ilitoka miezi michache tu kabla ya korona, ikasomwa na wachache. Lakini nyaraka za aina hiyo huhesabu wagonjwa, makaburi na vibarua waliokosekana kazini. Hazikuandikwa ili zitueleze nyanya za nyanya zetu walichekea nini jikoni Novemba 1918, na sasa hakuna wa kumwuliza. Ndiyo sababu mojawapo ya mimi kuandika haya mapema.

Sitaki kupamba. Nilisoma mwaka ule makala za mjini zilizowahimiza watu wajifunze kuoka mkate na kufanya yoga sebuleni, nikajiuliza ziliandikiwa nani. Furaha ndogo ni rahisi, lakini si ya bure. Inataka tumbo lenye kitu, paa lisilovuja sana, na mtu asiyekupiga. Kwa wengine nyumbani ndiko kulikokuwa hatari, na kafyu iliwafungia ndani pamoja nayo. Mhudumu wa hoteli ya mbugani aliyepelekwa likizo bila malipo hakuhitaji kuambiwa asikilize vyura. Alihitaji karo na unga. Na yule ambaye giza limemshika kwa wiki nyingi, halali, hali, haoni sababu ya kuamka, huyo ni mgonjwa na anastahili tiba. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulikuwa ukipokea simu za watu kama huyo bila malipo kupitia 1199, na nawajua waliosaidiwa.

Serikali nayo ililitazama jambo hili, kwa namna yake. Julai 2020 jopo kazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilimkabidhi Waziri ripoti iliyotaka maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ilipendekeza pia kuundwa kwa Tume ya Afya ya Akili na Furaha. Ndiyo, tume ya furaha, yenye kupima furaha ya taifa kila mwaka. Wapo walioicheka, na kicheko hicho nadhani kingefaa kuhesabiwa katika kipimo cha mwaka wa kwanza. Mimi sikuicheka sana. Nchi inayojua bei ya unga kila wiki inaweza pia kuuliza watu wake wanalalaje.

Kuna tabia moja ya furaha ndogo ambayo wataalamu wanaijua na Wundanyi iliithibitisha: hupimwa kwa kilichokosekana. Juni 7, 2020 kafyu ilisogezwa, ikaanza saa tatu usiku badala ya saa moja. Jioni ziliongezwa saa mbili tu. Jioni hiyo mji ulikuwa na uchangamfu wa sikukuu: watu wakitembea polepole bila shida yoyote, wakinunua mahindi ya kuchoma ambayo hawakuyahitaji, wakisimama kuzungumza kwa sababu tu inaruhusiwa. Baada ya mwezi mmoja saa mbili zile zilikuwa zimezoeleka na watu wakaanza kulalamikia saa tatu. Kafyu ilipoondolewa kabisa, Oktoba 20, 2021, niliwasikia wachache wakiitaja siku iliyofuata.

Mwezi Julai makanisa yalifunguliwa: waumini wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wakatakiwa kubaki nyumbani. Wazee walioshika kanisa mikononi mwao tangu ujana wakawa ndio wa nje. Baadhi walileta viti vyao hadi kwenye ua wa kanisa, wakakaa mbali mbali chini ya miti, wakafuatisha ibada kupitia madirishani. Walipoulizwa na polisi walisema wamekaa tu kupunga upepo. Ulikuwa Julai, mwezi wa ukungu na baridi kali milimani.

Kwa mambo mengi, basi, watu walipata njia. Matanga ndiyo yaliyoshinda kila ujanja. Sheria iliruhusu watu 15 makaburini, na katika ukoo wa Kidawida, yaani wa Kitaita, watu 15 hawawatoshi hata ndugu wa baba mmoja. Nani ahesabiwe, nani aachwe, na waliobaki nje ya uzio waliomboleza vipi, hayo tutayachukua juma lijalo.